Nikubane au Nikuachie?

Mwaka 1939 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilituma wapimaji na tepu zao katika majimbo kadhaa wakawapime wanawake. Kazi iliangukia kilimo kwa sababu idara ya uchumi wa nyumbani ilikuwa chini ya wizara hiyo, na wenye viwanda na maduka yaliyouza nguo kwa posta walikuwa wamechoka kurudishiwa magauni yaliyokataa kuwaenea walioyaagiza. Ruth O'Brien na William Shelton, waliosimamia zoezi hilo, walikusanya vipimo vya wanawake karibu 15,000. Kila mmoja alipimwa sehemu 59, kuanzia mzingo wa shingo hadi kifundo cha mguu. Wanawake wasio weupe waliojitokeza na wenzao walipimwa ili wasijisikie vibaya, kisha vipimo vyao vikawekwa kando. Havikuingia kwenye hesabu.

Ripoti ilitoka mwaka 1941, na ndani yake mna jambo ambalo kwangu ndilo asili ya vurugu yote iliyofuata. Watafiti waliona kwamba mwanamke hatapenda kumtajia muuza duka vipimo vya mwili wake, uzito ndio kabisa. Wakashauri itafutwe namba ya kubuni tu, kama ile ya viatu: namba ambayo mteja anaweza kuitamka mbele za watu bila kufichua kitu. Serikali ilipotoa mwongozo rasmi wa saizi mwaka 1958, ukiwa umejengwa juu ya vipimo hivyo pamoja na vya wanawake waliokuwa jeshini, namba zilikwenda kuanzia 8 hadi 42. Saizi 8 ilikuwa ya mwanamke mwenye kifua cha inchi 31 na kiuno cha inchi 23 na nusu. Mtu mdogo kweli.

Mwongozo huo ulikuwa wa hiari. Kiwanda kilichotaka kiliufuata, kisichotaka kiliendelea na yake, na serikali yenyewe ikaja kuufuta mwaka 1983. Kufikia hapo wafanyabiashara walikwisha ng'amua siri ambayo O'Brien na Shelton hawakuikusudia, kwamba namba isiyopima chochote inaweza kuvutwa upande wowote bila mtu kukushtaki. Miili ya Wamarekani ilikuwa inanenepa, nguo zikapanuliwa, lakini namba zikaachwa zilipo au zikashushwa. Gauni la saizi 8 la miaka ya karibuni linalingana na saizi 16 ya mwaka 1958, au linakaribia sana. Na ile saizi 8 ya zamani leo haina jina: ni ndogo kuliko 00, namba iliyobidi kubuniwa baada ya 2, na hata 0, kutwaliwa na wanawake ambao bibi zao walivaa 10 na 12. (Ndiyo maana wanaosema Marilyn Monroe alivaa 16 kama vile alikuwa mnene wanajidanganya. Nguo zake zilizobaki zina kiuno cha kumtesa msichana mwembamba wa leo.)

Mtindo huu wa kushusha namba nitauita saizi za kubembeleza. Haukushamiri kwa bahati. Mwaka 2012 watafiti Aydınoğlu na Krishna walionyesha kwamba lebo yenye namba ndogo humfanya mteja ajione vizuri zaidi kichwani mwake, hata pale anapojua fika kwamba namba hizo haziaminiki. Miaka miwili baadaye utafiti mwingine uliangalia upande wa pili: mwanamke anayelazimika kuchukua namba kubwa kuliko aliyozoea hujisikia vibaya, lakini haondoki mikono mitupu. Huenda kununua vitu vingine, visivyo na saizi, ili kujiliwaza. Duka, kwa maneno mengine, halipotezi hata linapokosa kubembeleza.

Ulaya nayo imeparaganyika kwa njia yake. Chukua mwanamke mwenye kifua cha sentimita 88. Nusu yake ni 44, na kwa Mwitaliano hiyo ndiyo saizi yake. Mfaransa anatoa 4 anapata 40. Mjerumani anatoa 6 anapata 38. Akivuka bahari kwenda Uingereza anaitwa 12. Angalau Wazungu wa bara wanaanzia kwenye mwili halisi kabla ya kuanza kugawanya na kutoa.

Sasa njoo kwenye baraza la fundi cherehani, iwe Magomeni au Kisumu. Pale hakuna saizi. Kuna wewe, umesimama mikono ukiwa umeinyanyua kidogo, na fundi akizungusha tepu, akitaja vipimo kwa sauti ili kijana wake aandike: mabega kumi na sita, kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na sita, hipsi arobaini na nane, urefu wa gauni, urefu wa mkono. Daftari lenyewe limechakaa, kila ukurasa una jina la mteja, mchoro mdogo wa mshono alioutaka, na kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini ili mzigo usichanganyikane. Namba zile haziwezi kumfaa mtu mwingine. Shoga yako akitaka gauni kama lako, itabidi naye asimame apimwe.

Ile aibu waliyoiogopa Wamarekani, kwa fundi inamalizwa hadharani. Kila aliyeketi kwenye benchi amesikia arobaini na nane yako, na ikifika zamu yake utasikia ya kwake. Sisemi ni raha. Nimeona wanawake wanaomwomba fundi apunguze sauti, na binti mmoja aliyeomba apewe tepu ajipime mwenyewe. Lakini kipimo kikishatamkwa, mazungumzo yanahamia kwenye jambo lenyewe, kwa swali ambalo kila mwanamke wa huku analijua: "Dada, nikubane au nikuachie?"

Swali hilo moja lina mambo ambayo lebo haiwezi kuyabeba. Fundi anauliza utavaa nguo hii wapi, mbele ya nani, utakaa au utacheza, na unataka mwili wako usemeje. Mwingine atajibu, "Niachie fundi, mi' mama wa kanisani," na mwingine, "Nibane, lakini nipumue." Wapo wanaotaka kiuno kishikwe na hipsi zionekane kubwa kuliko zilivyo, kwa sababu huku nyonga pana haijawahi kuwa siri ya kufichwa. Majivuno yapo tele kwenye baraza la fundi. Tofauti ni kwamba yanatajwa, yanajadiliwa bei, na yanashonwa. Kwenye duka la Marekani yamefichwa nyuma ya shingo ya gauni na mteja anauziwa bila kuulizwa.

Ukitaka kuona mila hii inavyofikiri, nenda kwenye kichen pati ya Kitanzania. Kamati imechagua sare: kitenge kimoja, rangi moja, kila mwalikwa kanunua kipande chake. Kisha kila mmoja kaenda kwa fundi wake. Siku ya sherehe utaona kitambaa kilekile kwa wanawake thelathini, na hakuna magauni mawili yanayofanana. Huyu kaweka mkono wa puto, yule kaacha bega moja wazi, mjamzito kaongezewa kitambaa mbele, shangazi kashona rinda hadi chini. Kiwanda kingefanya kinyume: umbo moja lililogawanywa kwa saizi, kisha rangi kumi za kuchagua.

Fundi ana maovu yake, tusimpambe. Kesho yake haifiki. Atakushonea mshono ambao hukuuomba na kukuapia kwamba ndio uliouonyesha kwenye simu. Atakata vibaya kitenge cha bei na kukurudishia gauni lililobana kwapa. Ila kosa lake lina mahali pa kurudishwa. Unarudi nalo, unalivaa mbele yake, yeye anashika chaki, anatia alama, anafumua. Fundi mwenye akili huwa ameacha inchi moja au mbili za kitambaa ndani ya mshono, maana anajua utajifungua, utanenepa, utakonda, na nguo itarudi kwake. Nguo ya kiwandani hukatwa karibu kabisa na mshono. Kila sentimita ya kitambaa ni hela, na mwili wako wa mwakani si biashara yao.

Wajapani walilifikisha mbali zaidi wazo la kuacha kitambaa ndani ya mshono. Kimono hutoka kwenye jora jembamba la upana wa sentimita 36 hivi na urefu wa mita 12 hivi, linalokatwa vipande vilivyonyooka tu. Kitambaa kinachozidi hakikatwi, kinakunjwa ndani ya mishono. Kimono ya kike hushonwa ndefu kuliko mvaaji, naye huipandisha na kuikunja kiunoni chini ya mshipi mpaka urefu ukae sawa. Kwa usafi mkubwa ilikuwa ikifumuliwa yote, vipande vikafuliwa na kunyooshwa, kisha ikashonwa upya, pengine kwa vipimo vya binti aliyerithi. Saizi haikuwa sifa ya nguo, ilikuwa kazi ya mikono ya mvaaji kila asubuhi.

Khanga inakwenda hatua moja zaidi kwa sababu haishonwi kabisa. Doti ina vipande viwili, kila kimoja kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, na mwenye miaka 15 na mwenye 70 wananunua doti ileile. Unaikatisha katikati, unapinda, umemaliza. Anayejifunga ndiye anayeamua wapi ikaze. Hata hivyo sikubaliani na wanaoisifu khanga kana kwamba ndiyo jibu la tatizo hili. Huwezi kuhesabu fedha benki umejifunga doti, na vazi linalomkaa kila mtu halimshughulikii mtu yeyote hasa. Dera nalo limeingia mlango huohuo. Ni pana, linatiririka, na linauzwa kama "frii saizi". Waulize wanawake wembamba waliopotea ndani yake, au warefu ambao linawaishia juu ya kifundo, hiyo frii ni ya nani.

Kwa hiyo si kweli kwamba ni ama fundi ama udanganyifu. Kiwanda kinaweza kusema ukweli kikitaka, na mfano uko Kariakoo, umetundikwa kwenye henga. Geuza shingo ya blauzi iliyotoka Guangzhou, aina iliyoshonwa kwa soko la Wachina wenyewe, na kando ya herufi L utakuta maandishi madogo: 165/88A. Maana yake imeshonwa kwa mwanamke wa urefu wa sentimita 165, kifua sentimita 88, na herufi A inaeleza tofauti kati ya kifua na kiuno, kwamba ni sentimita 14 hadi 18. Wajapani wana mfumo unaofanana na huo. 9AR ni mwanamke wa kifua 83, umbo la kawaida, urefu 158. Hapo hakuna kubembelezwa, kuna mwili umetajwa. Muuzaji anakwambia "hii XL dada, itakutosha," unaenda nayo nyumbani inagoma mabegani, na unalaumu Wachina kwa udanganyifu. Kumbe XL yao mara nyingi ni kifua cha sentimita 92, na waliandika. Sisi tulisoma herufi tukaacha namba.

Lakini namba peke yake haitoshi, na hapa wanaume wanaojisifu kwamba nguo zao hupimwa kwa inchi halisi wasikilize. Mwaka 2010 jarida la Esquire lilichapisha matokeo ya mwandishi aliyekwenda madukani na tepu, akapima viuno vya suruali zilizoandikwa inchi 36. Moja ilikuwa na inchi 41. Inchi ni inchi duniani kote, na bado ilidanganya, kwa sababu hakuna aliyesimama pale dukani na tepu kabla yake. Ulaya nayo ina kiwango cha lebo chenye mchoro wa mwili na sentimita zake, kizuri sana, na wenye maduka hawalazimishwi kukitumia, kwa hiyo wengi hawakitumii. Ukweli wa kipimo unategemea kama kuna wa kukirudisha.

Kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Karume wanawake walishaacha kubishana na lebo. Robota linapofunguliwa, humo mna saizi za Kimarekani, za Kiingereza, za Kijerumani na za Kikorea zimelaliana, za mwaka huu na za miaka 20 iliyopita, na hakuna chumba cha kujaribia. Mnunuzi anachukua suruali, anafunga kishikizo, anazungusha kiuno cha suruali hiyo shingoni mwake. Ncha zikikutana kisogoni bila kuvutwa, ananunua. Sketi anaipima kwa kuilaza juu ya ile aliyovaa. Gauni analivaa juu ya nguo, kitenge kimefungwa kama pazia, rafiki kashika upande mmoja. Nimemwona mama mmoja akimtoa muuzaji kasoro: muuzaji alikuwa anaita "Kumi na mbili! Kumi na mbili hii!" naye akamjibu, "Kumi na mbili ya nani?"

Pembeni mwa vibanda hivyo wamekaa mafundi wa kupunguza, cherehani moja kila mmoja, foleni mbele yake. Unafika na gauni la mwanamke wa Ohio ambaye hamtaonana. Fundi anakata ile lebo kwa wembe kwa sababu inawasha shingo, anaitupa chini, na anavuta tepu.