Kwa nini upepo huahirisha sarakasi za ndege

Alasiri mjini Rusizi, upepo huvuma kutoka Ziwa Kivu kuelekea vilimani. Usiku hugeuka na kuteremka ziwani. Kwa rubani wa abiria anayetua Kamembe, hilo ni jambo la kawaida. Kwa rubani anayepinduka angani mbele ya umati, lingekuwa jambo la kufa na kupona.

Kamembe si mahali pa maonyesho ya aina hiyo. Yaliyo karibu na kujulikana ni ya Nairobi, ambako Jeshi la Anga la Kenya lilionyesha ndege zake katika bustani ya Uhuru Gardens mwezi Mei 2022. Hata hivyo, miji hiyo miwili ina hewa inayofanana: Kamembe uko takriban meta 1,590 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa Wilson, jirani na bustani hiyo, takriban meta 1,690.

Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Ndege yenye mwendo uleule kwenye kipimo chake hukimbia zaidi kwa kweli, na mzunguko wake wa wima hupanuka kwa takriban sehemu moja ya sita. Rubani aliyezoea Mombasa akianza kuteremka katika kimo alichokizoea, ardhi humfikia mapema.

Hapo ndipo upepo unapoongeza hatari. Mzunguko mmoja ukichukua sekunde 20, upepo wa meta 10 kwa sekunde huisukuma ndege meta 200 kutoka ilipoanzia. Ukivuma kuelekea watazamaji, ndege husogea upande wao, nayo rubani, akiwa kichwa chini, haoni vizuri alipofika. Ndiyo maana waandaaji huweka mstari ambao ndege haipaswi kuuvuka. Umuhimu wa masafa hayo ulionekana Ramstein, Ujerumani, mwaka 1988, ingawa chanzo hakikuwa upepo: ndege za kikosi cha Italia ziligongana, moja ikaanguka katika umati, na watu 70 wakafariki.

Hatari nyingine haionekani hata kwa macho makali. Karibu na ardhi upepo hupungua ghafla. Ndege inayoshuka ikiukabili hupoteza mwendo hewani wakati ule ule inapohitaji kunyanyuka. Nyuma ya kilima upepo huvurugika na kuteremka kwa nguvu. Wakati wa kiangazi pepo za kusini-mashariki huvuka milima ya Nyungwe kabla ya kufika Rusizi, hivyo mji huwa upande huo wa nyuma.

Kwa sababu hizo rubani huandaa programu zaidi ya moja, mojawapo ikiwa ya kupita tu bila kupinduka. Mtazamaji anaweza kukisia itakayochaguliwa akitazama mfuko wa upepo uwanjani: ukinyooka kabisa, kasi kwa kawaida imefika takriban kilomita 28 kwa saa.