Hoja ya Mungu wa Mianya

Mtu akikuta jambo ambalo sayansi bado haijalieleza, akasema kwamba hapo ndipo alipo Mungu, ametumia hoja ya Mungu wa mianya. Onyo dhidi ya hoja hii halikutoka kwa wakanamungu. Henry Drummond alikuwa mhubiri na mwalimu wa sayansi kutoka Scotland. Mwaka 1883 alisafiri hadi Ziwa Nyasa na nyanda zilizo kati yake na Ziwa Tanganyika, akichunguza miamba na kazi za mchwa. Katika kitabu chake cha 1894 aliwasihi waumini wenzake waache kupekua sayansi wakitafuta pasipojulikana ili wapajaze Mungu.

Isaac Newton mwenyewe alipita njia hiyo. Alijua kwamba sayari huvutana, na aliona mvutano huo ungevuruga mapito yao kidogo kidogo hadi mfumo mzima uhitaji kurekebishwa. Mrekebishaji, kwake, alikuwa Mungu. Mwaka 1715 mwanafalsafa Leibniz alimlaumu kwa kumfanya Muumba kama fundi ambaye saa yake haiendi asipoitia ufunguo tena na tena. Wakati huohuo wanafalaki walikwisha kuona Mshtarii ikizidisha mwendo na Zohali ikipunguza. Mwanahisabati Laplace akalifumbua fumbo hilo miaka ya 1780: Zohali inapolizunguka Jua mara 2, Mshtarii hulizunguka karibu mara 5, kwa hiyo athari za mvutano wao hujilimbikiza upande mmoja kwa karne kadhaa, kisha hugeuka. Duru nzima huchukua takriban miaka 900. Mwanya ukazibika, na aliyekuwa ameegemeza imani yake hapo akabaki bila egemeo.

Kwa nini istilahi hii iseme mwanya, si pengo wala ufa? Pengo huachwa na kitu kilichong'oka. Ufa ni kasoro ya ukuta. Yote mawili yanashutumu maumbile, ilhali kinachopungua ni elimu yetu tu. Mwanya ni nafasi, tena ni fursa: husemwa fulani amepata mwanya akajipenyeza. Ndivyo hoja hii inavyofanya kazi.

Lakini ukisema “Mungu wa mianya” peke yake, msikilizaji wa Kiswahili atasikia ama sifa ya heshima, kama Mungu wa Ibrahimu, ama miungu ya kale, kama mungu wa mvua. Neno “hoja” likitangulia, hukumu inaiangukia hoja, na Mungu habishaniwi kwa jina la kubandikwa. Ndiyo maana sikubali liachwe.

Mwanatheolojia Mjerumani Dietrich Bonhoeffer, akiwa gerezani Berlin mwaka 1944, baada ya kusoma kitabu cha fizikia, aliandika kwamba Mungu atafutwe katika tunayoyajua, si katika tusiyoyajua. Waumini wetu wengi wanaishi hivyo tayari: mkulima husali sala ya kuomba mvua na kusikiliza utabiri wa hali ya hewa jioni ileile, wala haoni kimoja kinamfukuza mwenzake.

Istilahi hii isitumike kama rungu. Anayeuliza kwa nini kuna kanuni zozote za maumbile, na kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwepo chochote, hangoji kipimo kipya kije kumjibu. Swali lake lingebaki hata kama kila mzunguko wa kila sayari ungekwisha kupigiwa hesabu. Kumwambia kwamba anajificha kwenye mwanya ni kumsingizia.