Moshi haupandi wenyewe

Wasomi wenzangu, leo tuache kidogo mambo ya vita na wafalme. Historia iko pia ndani ya jiko.

Wenye walikomea Butembo, Lubero ao milima ya Bukavu wanajua asubuhi ya baridi ni nini. Kuni zimelala na umande, mama anainama kupuliza, na moshi unarudi ndani ya nyumba sawa vile kuko mutu anausukuma. Watoto wanakimbia inje na machozi. Ukiuliza sababu, jibu ni moja tu: kuni ni mbichi. Kweli, kuni mbichi zinaleta moshi mwingi. Lakini juu ya nini moshi huo urudi ndani, hata kwenye kuko dohani, ile tunaita shemine?

Mutu mwenye alichukua swali hilo kwa uzito ni Benjamin Franklin, yule wa umeme na radi. Mwaka 1785, akiwa na miaka 79, alikuwa ndani ya meli anarudi Marekani kisha kukaa karibu miaka 9 Ufaransa kama balozi. Wengine kwa umri ule wangelala tu. Yeye akaandika barua ndefu kwa rafiki yake Jan Ingenhousz, munganga wa mfalme kule Vienna, na habari ya barua ni hii: sababu gani dohani zinatosha moshi ndani ya nyumba, na dawa yake ni gani. Alihesabu sababu 9.

Mbele ya yote alivunja imani moja yenye hata sisi tuko nayo, ya kwamba moshi ni mwepesi na kwa asili yake unapanda. Hapana, alisema, moshi ni mzito kuliko hewa. Unabebwa tu na hewa yenye moto imeipasha. Na alitoa jaribio lenye unaweza kufanya mezani. Washa kiko cha tumbako, ingiza mrija wake ndani ya chupa ya kioo yenye maji baridi nusu, funika mudomo wa kiko na kitambaa, kisha puliza. Moshi unashuka ndani ya mrija, unapita ndani ya maji kwa mapovu, unapoa. Kisha hapo haupandi tena kutoka kwa shingo ya chupa. Unalala juu ya maji, kimya.

Ukishika jambo hilo, umeelewa shida ya kuwasha. Asubuhi dohani ni baridi, na hewa yenye iko ndani yake ni baridi na nzito. Moto wako mudogo wa kwanza unatoa moshi wenye unapoa haraka kwenye matofali yale, na ile hewa nzito ya juu inashuka na kuurudisha kwako. Ndiyo maana wenye wanajua kazi hiyo wanawasha kwanza karatasi ao majani makavu juu, karibu na koo ya dohani, mpaka hewa ya ndani ishike joto na kuanza kupanda. Kisha ndipo wanaleta moto kwa kuni. Dakika chache tu, lakini watu wengi hawana uvumilivu huo.

Franklin alikuwa ameona tangu mwaka 1758 kwamba dohani isiyo na moto pia inapumua. Wakati wa joto kali, hewa inapanda ndani yake kuanzia saa kumi na moja ao kumi na mbili za jioni mpaka saa mbili ao tatu za asubuhi. Inasitasita karibu nusu saa, kisha inageuka na kushuka mchana wote. Matofali yanachelewa kupata joto na yanachelewa kupoa, basi ndani na inje hazilingani hata siku moja.

Sasa hapa kuna kitu cha kuchekesha. Mwaka 1744 Franklin mwenyewe alikuwa ametoa kitabu kidogo cha kusifu jiko lake la chuma la Pennsylvania. Gavana alitaka kumupa haki ya kuliuza peke yake, akakataa. Roho nzuri, lakini jiko lilikuwa na kasoro: moshi ulipaswa kushuka kwanza nyuma ya sanduku la hewa, kupita chini ya sakafu, ndipo upande ndani ya dohani. Moto ukiwa dhaifu, moshi wenye umepoa unapata wapi nguvu ya safari hiyo? Baadaye David Rittenhouse wa Philadelphia alilirekebisha kwa bomba lenye linatosha moshi bila kuushusha.

Sababu ya kwanza kati ya zile 9 ni nyumba yenye imefungwa sana. Franklin alitaja bwana mmoja mkubwa wa Westminster mwenye alitumia pauni 300 bure kutafuta dawa ya moshi ndani ya nyumba yake mupya. Milango na madirisha yalishikana vizuri kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Hewa yenye inapanda lazima ipate ingine ya kuchukua nafasi yake. Ukifungua mulango kidogo na moshi ukiacha kutoka, umepata jibu bila franka hata moja.

Wanafunzi wenye mnaingiza mbabula ndani ya chumba wakati wa mvua, hapa ni penu. Tunaiwasha inje mpaka moshi uishe, kisha tunafunga mulango tukisema hatari imekwisha. Makala yenye imeshika inaendelea kutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa kinaishika. Watu wanalala na hawaamuki. Moshi, kwa ubaya wake wote, ulikuwa unatuonya.

Minapenda zaidi kisa kimoja cha barua ile. Rafiki wa Franklin, karibu na London, alikuwa na chumba kizuri chenye moshi wote ulirudi ndani. Mzee akaja na uhakika wake. Akafungua mulango: si hewa. Akapunguza mudomo wa jiko: si ukubwa. Akatoka inje kutazama juu: dohani za pembeni, hata fupi kuliko ile, zilivuta vizuri. Mwishoni akakubali kwamba ujuzi wake umefika mwisho, na aliandika hivyo bila haya.

Rafiki yake, mwenye hakujidai na elimu hiyo, akachukua ngazi. Akapanda mpaka juu, akachungulia ndani ya dohani. Ilikuwa imejaa vijiti na majani makavu, yameshikanishwa na udongo, na manyoya yametandikwa ndani. Nyumba ilikuwa imekaa miaka bila mutu, na ndege wakubwa walikuwa wamejenga. Wakatoa takataka zile zote, wakawasha moto, na moshi ukapanda.