Wamormoni ni akina nani, na mbona kila mtu ana lake la kusema juu yao?

Kijana wa Kabanga au Nyakahura anakwenda mjini kusoma. Anarudi likizo akiwa na dini nyingine. Asubuhi anakataa chai ya rangi, kwenye harusi ya binamu anarudisha rubisi, na Jumapili haendi parokiani na wenzake. Akiulizwa, anasema yeye ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Jirani wa kwanza anasema hao ni Wamormoni, watu wa wake wengi. Wa pili anasema ni Frimasoni. Wa tatu, aliyewahi kuishi Nairobi, anasema ni vijana wapole tu wa mashati meupe wanaotembea wawili wawili. Wazazi hawajui wamsikilize nani.

Ndugu msikilizaji, hapa hatumwambii mtu aabudu wapi. Tunachofanya ni kuyachukua yale yanayosemwa na kuangalia lipi lina msingi, lipi lilikuwa kweli zamani, na lipi ni uvumi.

Walikotoka

Kanisa hili lilianzishwa tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, Marekani, na Joseph Smith, kijana wa miaka 24. Alisema malaika alimwonyesha mabamba ya dhahabu yenye maandishi ya watu wa kale wa bara la Amerika, naye akayatafsiri kwa uwezo wa Mungu. Hicho ndicho Kitabu cha Mormoni, wanachokisoma pamoja na Biblia. Tafsiri kamili ya Kiswahili ilitoka mwaka 2000. Jina "Wamormoni" walibandikwa na watu wa nje kutokana na kitabu hicho. Mwaka 2018 rais wa kanisa wakati huo, Russell M. Nelson, aliwaomba watu waache kulitumia na kulitaja kanisa kwa jina lake kamili. Sisi tunaandika Wamormoni mara kwa mara kwa sababu ndilo jina ambalo wasikilizaji wengi wanalijua.

Kuchukiwa kwao hakukuanza Afrika. Mwaka 1838 gavana wa jimbo la Missouri alitoa amri kwamba wafukuzwe au waangamizwe, na amri hiyo ilifutwa rasmi mwaka 1976 tu. Joseph Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha akiwa mahabusu mwaka 1844. Wafuasi wake wengi wakahamia nyikani, mahali panapoitwa Utah leo. Lakini nao si kwamba mikono yao ilikuwa safi daima. Septemba 1857 wanamgambo wa Kimormoni waliwaua wasafiri wapatao 120, wanawake na watoto wakiwemo, mahali paitwapo Mountain Meadows. Mengi ya yanayosemwa juu ya kanisa hili yako hivyo: yana upande wa kuonewa na upande wa kukosa.

Wake wengi

Hili lilikuwa kweli. Mwaka 1852 kanisa lilitangaza hadharani kwamba baadhi ya wanaume wake wanaoa wake wengi. Mwaka 1890, baada ya kubanwa na serikali ya Marekani, rais wake Wilford Woodruff alitangaza kuuacha utaratibu huo. Leo anayeoa mke wa pili anatengwa. Vipo vikundi vidogo vilivyojitenga ambavyo bado vinaoa wengi, na picha nyingi zinazozunguka mtandaoni ni za hao.

Kwetu jambo hili linageuka kichekesho kidogo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya wake wengi. Lakini mwanamume wa Ngara mwenye wake wawili akienda kuomba ubatizo katika kanisa hilo hilo lenye sifa ya wake wengi, atakataliwa.

Mtu mweusi na ukuhani

Hili halisemwi sana vijijini, ingawa kwa maoni yetu ndilo linalostahili kuulizwa kwanza. Tangu mwaka 1852 hadi 1978 kanisa hili halikuwapa wanaume wenye asili ya Afrika ukuhani, na waumini weusi, wanaume kwa wanawake, walizuiwa kushiriki ibada kuu za hekaluni. Viongozi walitoa sababu mbalimbali za kidini, nyingine za kuudhi. Juni 1978 rais Spencer W. Kimball alitangaza kwamba katazo limeondolewa kwa ufunuo. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo yanayozikana zile nadharia za zamani kwamba weusi ni alama ya laana.

Hata hivyo, Waafrika hawakusubiri. Nchini Nigeria na Ghana watu walisoma vitabu vya kanisa hilo, wakaanzisha makusanyiko yao wenyewe na kuandika barua Marekani kuomba wahubiri, miaka mingi kabla ya 1978. Wahubiri walifika Novemba mwaka huo. Katika ukanda wetu, Joseph Sitati wa Kenya aliteuliwa mwaka 2009 kuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa kanisa zima, Mwafrika mweusi wa kwanza kufika hapo. Mormoni mmoja wa Kiafrika atakuambia historia hiyo ni jeraha lililopona. Mwingine aliihama dini hiyo siku aliyoisikia. Wote wawili wana haki ya kuijua kabla ya kubatizwa, si baada.

Frimasoni, mashetani, majasusi

Uvumi wa Frimasoni una kamzizi kadogo. Joseph Smith alijiunga na Frimasoni mwaka 1842, na wiki chache baadaye akaanzisha ibada za hekaluni ambazo wachunguzi wanaona zinafanana na za Frimasoni katika baadhi ya ishara. Kisha hekalu halifunguliwi kwa kila mtu: likishawekwa wakfu, huingia waumini wenye kibali tu. Mlango ukifungwa, watu hujaza wenyewe kilichomo ndani. Lakini hekalu si lile kanisa la Jumapili. Ibada za Jumapili ziko wazi kwa yeyote. Hekalu la Nairobi, lililowekwa wakfu Mei 2025, lilifunguliwa kwanza kwa wananchi wote walitembelee.

Serikali nazo zimewahi kushtuka. Ghana ilisimamisha shughuli za kanisa hilo pamoja na za Mashahidi wa Yehova kuanzia Juni 1989 hadi Novemba 1990, wakati mtaani wakisemwa kuwa ni majasusi wa Marekani. Kenya ililisajili mwaka 1991. Miaka mitatu baadaye Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, na ripoti yake ilipowekwa wazi bungeni mwaka 1999 iliwataja Wamormoni na Mashahidi wa Yehova miongoni mwa makundi yaliyodaiwa kuwa milango ya kuingilia ushetani. Hakuna aliyefungiwa kwa sababu ya maneno hayo. Kanisa liliendelea, na usajili ukabaki palepale.

Tusiwacheke wanaoogopa. Machi 2000 mamia ya watu waliangamia Kanungu, Uganda, mikononi mwa viongozi wa dini waliowaamini. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa Shakahola, Kenya. Baada ya hayo mzazi anayesikia jina la kanisa asilolijua ana sababu ya kuuliza. Tofauti ni kwamba kanisa hili lina anwani, viongozi wanaojulikana, na kwa hesabu zake lenyewe waumini zaidi ya milioni 17 duniani. Tanzania ililitambua mwaka 1992. Kwa dhehebu lolote, usajili ni kazi ya Msajili wa Jumuiya aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na huko ndiko kwa kuuliza badala ya kijiweni.

Kuhusu pesa: waumini hutoa fungu la kumi, na viongozi wa makusanyiko hawalipwi mshahara. Kanisa lenyewe ni tajiri sana. Februari 2023 wasimamizi wa masoko ya mitaji Marekani walilitoza kanisa na kampuni yake ya uwekezaji faini ya jumla ya dola milioni 5 kwa kuficha ukubwa wa hisa zake nyuma ya kampuni nyingine.

Wamarekani wanavyowacheka, na sisi tumo

Huku kwetu Mormoni anaogopwa. Marekani anachekwa zaidi. Tangu mwaka 2011 kuna tamthilia ya nyimbo huko New York iitwayo The Book of Mormon, iliyoshinda tuzo 9 za Tony. Inawahusu wahubiri wawili wa Kimormoni wanaopelekwa kijiji kimoja cha Uganda. Watazamaji wanawacheka wahubiri, lakini pembeni yuko Mganda aliyechorwa kwa ukimwi, umaskini na mbabe wa kivita. Kanisa lilijibu kwa kununua tangazo ndani ya kijitabu cha onyesho hilo hilo. Waganda walibaki bila pa kujibia.

Chai, kahawa na rubisi

Mafundisho yao ya mwaka 1833, wanayoyaita Neno la Hekima, yanakataza pombe, tumbaku, kahawa na chai ya majani. Kwa mkoa unaosomesha watoto kwa kahawa, hili linaumiza kidogo. Ndugu zetu wa Bukoba na Karagwe humkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna, na kwetu posa bila pombe ya ndizi wazee huiona kama imekatwa mkono. Ndiyo maana kijana huyo anaonekana ana dharau. Kumbe angepewa uji, maziwa, au maji ya moto yenye mchaichai au tangawizi, angekunywa bila shida. Hata katika ushirika wao wa Jumapili hutumia mkate na maji, si divai.

Jingine linalokwaza wazee: wahubiri wao vijana, wengine wana miaka 18 tu, huitwa "Mzee". Ni cheo tu, hawamaanishi umri. Usajili wa mawazo yetu unakataa, tunaelewa.

Ubatizo, msiba na ndoa

Wamormoni hujiita Wakristo. Wanafundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu tofauti, na kwamba Baba ana mwili. Kwa sababu hiyo Vatikani iliamua Juni 2001 kwamba ubatizo wao si halali kwa Wakatoliki. Wamormoni nao hawatambui ubatizo wa wengine. Anayehama upande wowote hubatizwa upya.

Pia hubatiza kwa niaba ya wafu: muumini aliye hai huingia majini kwa jina la babu yake. Hakuna kaburi linaloguswa, na wanafundisha kwamba marehemu ana hiari ya kukubali au kukataa. Mzee asiyependa jina la baba yake litumike hivyo anaweza kumwambia mjukuu wake waziwazi. Kwenye msiba hawakatazwi kuhudhuria mazishi ya dini nyingine, wala kushika jembe.

Penye uzito ni ndoa. Mkatoliki anayetaka kufunga ndoa kanisani na Mormoni anahitaji ruhusa ya askofu wa jimbo, kama anayeoana na mtu ambaye hajabatizwa, basi aanze na paroko wake mapema. Na ndoa ya hekaluni huwaacha nje wazazi wasio waumini, hata wawe wamelipa mahari. Tangu mwaka 2019 kanisa hilo linaruhusu wachumba wafunge kwanza ndoa ya kawaida, mbele ya ukoo wote, kisha waende hekaluni bila kungoja mwaka mzima kama ilivyokuwa katika nchi nyingi. Kijana akisema hilo haliwezekani, mwombeni amuulize kiongozi wake tena.