Kwa nini paka wako anachambua dagaa na kuacha ugali?

Umemchanganyia paka ugali na dagaa. Ukirudi, dagaa wameisha na ugali umechimbwachimbwa kama kuna mtu alikuwa anatafuta sarafu. Wenye paka kuanzia Tandale hadi Mbagala wanaijua hii. Sio madeko.

Paka ni mla nyama, na ulimi wake hausikii kabisa utamu wa sukari. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walieleza sababu: jeni moja inayohusika na kuonja utamu haifanyi kazi kwa paka. Hata duma yuko hivyo hivyo.

Halafu kuna taurini. Mwili wa paka hautengenezi ya kutosha, anaipata kwenye nyama na samaki, sio kwenye unga wa mahindi. Akiikosa muda mrefu anaweza kupofuka, na moyo ukadhoofika. Kwa hiyo vile vichwa vya dagaa unavyonyofoa, mpe. Ukivichemsha usimwage maji yake, maana taurini huyeyukia humo.

Cha kuogopa ni makombo ya mchuzi. Kitunguu maji na kitunguu saumu, hata vikiwa vimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu yake. Maziwa ya ng'ombe nayo huwaharisha paka wakubwa wengi, hata kama anayalilia.

Na akianza kukwangua sakafu pembeni ya sahani, hajakitukana chakula chako. Anajaribu kukifukia, kama wafanyavyo wenzake wa porini wanapoficha mabaki. Tatizo lake ni sementi tu.