Haki ya Kifua katika Sanaa ya Kuunda Sikio

Katika habari za matabibu waliojitahidi kumpa binadamu sikio alilozaliwa bila umbo lake, au lililomtoka vitani, msomaji hukuta sifa nyingi za sikio na maneno machache mno ya kifua, ingawa ni kifua kilichotoa mali yote iliyojengwa kichwani.

Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand aliyewatibu Uingereza askari walioharibika nyuso katika Vita Vikuu vya Kwanza, alieleza mwaka 1920 namna ya kuchonga gegedu la ubavu na kulizika chini ya ngozi iliyo nyuma ya mahali pa sikio. Walakini sifa ya kuistawisha kazi hiyo ni ya Radford Tanzer wa Marekani, ambaye mwaka 1959 alionyesha kwamba magegedu ya mbavu za 6, 7 na 8 za mgonjwa mwenyewe hudumu, ilhali gegedu la kuazimwa kwa mtu mwingine aghalabu huyeyuka.

Sasa, chini ya magegedu hayo umelala utando mwembamba unaolizunguka pafu, na kisu kikiutoboa hewa huingia na pafu hunywea. Ndiyo maana mpasuaji mwenye hadhari, kabla hajashona, hujaza maji ya chumvi katika jeraha na kumwambia mwenziwe wa nusukaputi alijaze pafu hewa, kisha wote wakatazama kama yatatoka mapovu. Yakitoka, huingizwa mpira mwembamba, hewa ikanyonywa, na tundu likazibwa. Baadaye huja maumivu, ambayo humfanya mtoto aogope kuvuta pumzi kwa kina na kukohoa, hata sehemu ya chini ya pafu ikajifunga na homa ikamshika.

Hayo huonekana kwa siku chache na hutibika. Dhara lililofichika zaidi ni lile linalokua pamoja na mtoto: kifua kuzama upande mmoja, ukingo wa mbavu kuchomoza, na pengine uti wa mgongo kupinda. Matabibu wa Kijapani waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1997 waliona kwamba waliopasuliwa kabla ya miaka 10 ndio walioharibika vifua zaidi, na kwangu mimi uchunguzi huo una thamani kupita masikio mengi mazuri, kwa kuwa uliwarudia wagonjwa na kuwavua shati.

Wapo waliojitahidi kukikinga kifua. Mpasuaji Burt Brent, ambaye aliwapasua watoto tangu umri wa miaka 6 hivi ili wasidhihakiwe shuleni, aliacha ukingo wa juu wa gegedu la 6 ili ushike mbavu zisitawanyike. Satoru Nagata wa Japani, aliyetangaza njia yake mwaka 1993, alingoja mtoto afikishe umri wa miaka 10 na kifua chenye mzunguko wa sentimita 60, akauacha mahali pake utando unaolifunika gegedu, na kurudisha ndani yake vipande vilivyobaki, ili gegedu lipate kuota tena.

Nionavyo, Nagata ndiye aliyekitendea kifua insafu. Basi mzazi anayeonyeshwa picha za masikio yaliyofanikiwa na aombe vilevile kuonyeshwa vifua vya watoto hao, miaka mingi baada ya upasuaji.