Mbwa Koko Darasani: Jinsi Ufundi wa Kumfunza Mbwa wa Nyumbani Ulivyozaliwa

Mbwa anayetafuna viatu, anayewarukia wageni na kuzunguka sebuleni hadi usiku wa manane ni tatizo changa kuliko mbwa mwenyewe. Kwa maelfu ya miaka mbwa alikuwa na kazi, au alikuwa na uhuru wa kuzurura, na mara nyingi alikuwa na vyote viwili. Nguvu zake ziliishia machungani, mawindoni au jalalani. Ufundi wa kumfunza mbwa wa familia atulie ndani ya nyumba ni mtoto wa karne ya 20. Ulitoka kwa polisi, jeshini na katika maabara, na katika hatua zake kadhaa kubwa mwanafunzi alikuwa mbwa koko au chotara, ambaye vitabu vya nasaba havikumtambua.

Waandishi wa kale walimwona mbwa kama mfanyakazi. Xenophon, Mgiriki wa karne ya 4 K.K., aliandika kitabu cha uwindaji ambamo alishauri mbwa wapewe majina mafupi ili waitwe kwa urahisi, kisha akaorodhesha majina mengi ya mfano. Columella, Mrumi wa karne ya 1 B.K., aliwapa wenye mashamba ushauri huohuo. Hakuna kati yao aliyejiuliza mbwa afanyeje akiwa hana la kufanya. Swali hilo halikuwapo.

Hali inayokaribiana na hiyo, ya mbwa asiyehitaji mwalimu, ilionekana Pemba katika karne ya 20. Mwanabiolojia Mmarekani Raymond Coppinger aliwaeleza mbwa wa kisiwa hicho katika kitabu alichokitoa na mkewe Lorna mwaka 2001. Walikuwa mbwa wanaofanana umbo, wanaoishi pembezoni mwa makazi na kula makombo, pasipo mtu wa kuwafungia, kuwachagulia wenza wala kuwafundisha. Coppinger aliwatumia kama mfano wa kudai kwamba mbwa wa kwanza walijisogeza wenyewe kwa binadamu kufuata chakula. Dai hilo linabishaniwa hadi leo, lakini jambo moja halina ubishi: mbwa wa namna hiyo hujipangia siku yake, na hakuna anayemwita msumbufu kwa sababu ya nguvu zake.

Uingereza ya karne ya 19 ilimpa mbwa hadhi mpya na mipaka mipya. Maonyesho ya Newcastle ya mwaka 1859 yalihusu mbwa wa uwindaji wa aina mbili tu. Mwaka 1873 ikaundwa Kennel Club, na Marekani ikafuata mwaka 1884 na American Kennel Club. Mbwa sasa alipimwa kwa sura na ukoo. Mji nao ulikuwa unabana, na mbwa aliyezurura akawa kero ya kukamatwa.

Mafunzo rasmi yalianzia polisi. Mji wa Ghent, Ubelgiji, ulianza kutumia mbwa wa doria mwaka 1899, na mwongozo uliosambaa zaidi uliandikwa na ofisa wa polisi Mjerumani, Konrad Most, mwaka 1910. Most alitegemea sana ukanda wa shingoni na mvuto mkali wa kamba. Hata hivyo, aliona jambo ambalo wengi waliomwiga walilisahau: mbwa hajui wema na uovu wa kibinadamu, na adhabu inayokuja muda mrefu baada ya kosa haimfundishi chochote isipokuwa kumwogopa anayeitoa. Walimu waliomfuata walichukua kamba wakaiacha hoja.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta jaribio la aina nyingine. Mwaka 1917 jeshi la Uingereza lilimkabidhi Luteni Kanali Edwin Richardson shule ya mbwa wa vita huko Shoeburyness, pwani ya Essex. Wanafunzi wake wa mwanzo walitoka Battersea, nyumba ya kutunzia mbwa waliopotea London. Wengine wakatoka katika nyumba kama hizo za miji mingine, na baadaye familia zikaombwa kutoa mbwa wao. Miongoni mwao walikuwamo machotara wengi. Richardson alikuwa na vigezo vyake vya ajabu: hakumwamini mbwa mwenye mkia uliojikunja juu ya mgongo.

Kazi kubwa ilikuwa kupeleka barua. Askari aliondoka na mbwa kuelekea mstari wa mbele, akimwacha nyuma mlezi wa mbwa huyo. Ujumbe ulipokuwa tayari, ulitiwa ndani ya kopo dogo shingoni na mbwa akaachiliwa, naye akakimbia kupita kwenye matope, mashimo ya mizinga na seng'enge hadi kwa mlezi wake. Hapakuwa na kamba ya kumvuta katika safari hiyo wala mtu wa kumpigia kelele. Kilichomwendesha ni hamu ya kufika kwa anayempenda. Ndiyo maana askari wengine walikatazwa kuwalisha au kuwabembeleza mbwa wa barua. Richardson aliona kwamba ukali ungeharibu kazi nzima, kwa kuwa mbwa anayemwogopa mlezi hana sababu ya kumkimbilia. Kati ya walimu wa zama zake, ndiye aliyekaribia zaidi ukweli uliokuja kuthibitishwa baadaye.

Amani iliporudi, mafunzo yaliingia katika maisha ya raia kupitia mashindano. Mwaka 1933 Mmarekani Helene Whitehouse Walker, mfugaji wa mbwa aina ya poodle, aliandaa shindano la utii huko Mount Kisco, New York, ili kuonyesha kwamba mbwa wake hawakuwa mapambo tu. American Kennel Club iliyatambua mashindano hayo mwaka 1936, kwa mbwa wa nasaba peke yao. Chotara angeweza kujua kila amri na bado asiruhusiwe kuingia uwanjani. Katika madarasa ya mitaani, mbinu za kijeshi ziliendelea kutawala. Kitabu cha mwalimu wa mbwa William Koehler cha mwaka 1962 kilipata wasomaji wengi sana, na humo mbwa mwenye tabia ya kuchimba bustani alipendekezewa kuzamishwa pua katika shimo lilelile likiwa limejazwa maji. Mbwa aliacha kuchimba, ndiyo, lakini kilichomfanya achimbe kilibaki palepale.

Wakati huohuo maabara zilikuwa zimeanza kueleza kilichokuwa kikiendelea kichwani mwa mbwa. Ivan Pavlov wa St Petersburg, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, alitumia zaidi mbwa wasio na nasaba. Wengi wanakumbuka mate yao tu. Pavlov alibaini pia kwamba mbwa waliokuwa wachangamfu kupita wenzao walipokuwa huru ndio waliosinzia haraka walipofungwa kwenye fremu ya majaribio, katika chumba tulivu chenye ishara zilezile zinazojirudia. Mbwa hao hawakuwa wavivu. Chumba hakikuwa na jipya la kuwashughulisha.

Huko Bar Harbor, jimbo la Maine, John Paul Scott na John Fuller walifuga mbwa kwa utafiti uliochapishwa mwaka 1965. Walitumia aina tano, mojawapo ikiwa basenji, mbwa mwenye asili ya Kongo anayejulikana kwa kutobweka kama wenzake. Walipoanza kufundishwa kutembea kwa kamba, vijibwa wa basenji walipambana na kamba yenyewe, ilhali wale wa beagle walipiga kelele. Watafiti wakamchanganya basenji na cocker spaniel, mbwa mtulivu zaidi, wakafuatilia tabia za machotara kizazi baada ya kizazi. Tabia hazikugawanyika kama rangi mbili zilizochanganywa ndooni. Kila moja ilifuata njia yake. Matokeo yaliyobadilisha zaidi malezi yalihusu umri: kati ya wiki ya 3 na ya 12 kijibwa hujifunza ni nani na nini si cha kuogopwa, na muda huo ukipita bila watu, kumzoesha huwa kazi ngumu. Mapema katika miaka ya 1980 daktari wa mifugo Ian Dunbar alilitumia somo hilo kuanzisha California madarasa ya vijibwa wasiofungwa kamba, wakati ambapo walimu wengi walikataa mbwa mwenye umri chini ya miezi 6.

Kikwazo kimoja kilikuwa nadharia ya mbwamwitu. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwamwitu aliowatazama katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, wakigombea ukubwa. Kutokana na maandishi ya namna hiyo, wenye mbwa waliambiwa kila rabsha ya nyumbani ni jaribio la kupindua serikali ya mwenye nyumba, na dawa yake ni kumlaza mbwa chali kwa nguvu. Lakini wanyama wa Basel walikuwa wamefungiwa pamoja katika eneo dogo. Mtafiti wa mbwamwitu David Mech, aliyekuwa ameieneza dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1970, alichapisha makala mwaka 1999 akieleza kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Chotara anayevuta kamba anataka kufika mtini, basi.

Njia mbadala ilikuwa imeandaliwa na mwanasaikolojia B. F. Skinner, ambaye mwaka 1951 alieleza jinsi kidude cha kuchezea chenye mlio mkavu kinavyoweza kumwonyesha mnyama papo hapo tendo lililomletea chakula. Wanafunzi wake Keller na Marian Breland waliifanya biashara, na Karen Pryor, aliyefunza pomboo Hawaii, akaieneza kwa wasomaji wa kawaida kupitia kitabu cha mwaka 1984. Kwa mbwa anayerukia wageni, ushauri wa zamani ulikuwa kumpiga goti kifuani. Njia mpya husubiri sekunde ambayo miguu yote minne iko sakafuni: mlio, kisha kipande cha nyama chini. Mgeni anaingia hatua moja. Miguu ikiinuka, anarudi nyuma, ikitulia anasogea. Keller na Marian waliongeza onyo mwaka 1961: nguruwe waliofunzwa kubeba sarafu za mbao walirudia kuzifukua kwa pua, kwa kuwa asili ilizidi somo. Kwa sababu hiyo walimu wa sasa humpa mbwa mwenye nguvu nyingi nafasi ya kunusa, kukimbiza mpira na kutafuta chakula kilichofichwa, kabla ya kumdai utulivu.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusisha wenye mbwa zaidi ya 18,000 nchini Marekani, takriban nusu yao wakifuga machotara. Aina ya mbwa ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine, ingawa wepesi wa kufuata maelekezo ulihusiana zaidi na aina kuliko tabia nyingine. Miaka kumi na miwili kabla, Aprili 2010, American Kennel Club ilikuwa imewafungulia chotara mashindano ya utii, kwa sharti kwamba wawe wamehasiwa.